Sekunde Mbili Nilizomfutisha Mwanafunzi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na darasani hasira hizo niliziita nidhamu. Nimefundisha fizikia miaka mingi katika shule ya kutwa karibu na Ikonge. Wanafunzi wangu walifaulu jaribio la pendulamu kwa sababu moja tu: walilijua jibu kabla ya kulifanya. Sisi walimu tunaiita hiyo kupika. Unafunga jiwe dogo kwenye uzi, unalivuta, unaliachilia, unahesabu kwenda na kurudi mara ishirini. Stopwochi ikikupa namba isiyofanana na ya kitabu, unaandika ya kitabu. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo.

Msichana mmoja wa kidato cha pili hakupika. Baba yake alikuwa mkulima wa majani chai, na yeye alitaka uhandisi. Mara nyingi alinifuata hadi mlango wa maabara kuuliza atahitaji alama gani. Siku hiyo aliniletea daftari. Mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba jiwe huchukua muda uleule, ulivute kidogo au ulivute sana. Yeye alilivuta kidogo akapata sekunde arobaini, akalivuta sana akapata arobaini na mbili. Alikuwa amerudia mara tano.

Nilimwambia kidole chake ni kizito kwenye kitufe. Akanijibu kwa Kiswahili, ilhali fizikia tunaisoma kwa Kiingereza.

"Mwalimu, kama kidole yangu ni nzito, si ingekuwa nzito hata kwa ile ya kwanza?"

Darasa likacheka, na mimi nikadhani linanicheka. Hakuwa na ujeuri, alikuwa anafikiri tu. Akauliza, ikiwa watu wa zamani walitengeneza saa kwa pendulamu, na pendulamu yenyewe inabadilisha mwendo, basi nani aliyekuwa akiiambia saa kwamba imechelewa. Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo. Nikakasirika. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikampa kifutio, nikamwamuru afute arobaini na mbili aandike arobaini. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikamuuliza kama anajiona anajua kuliko waliovumbua mambo haya. Akasema hapana, mwalimu.

Ilikuwa Ijumaa. Walipotoka nilibaki maabarani, nikijidanganya kwamba napanga vifaa. Nikafunga jiwe, nikalivuta sana kama alivyofanya yeye, nikaliachilia na kubonyeza. Arobaini na mbili. Nikarudia, ikawa ileile. Ndipo nikafungua kitabu na kuisoma hadi mwisho sentensi niliyokuwa nikiikatiza njiani mwaka baada ya mwaka. Ilisema muda haubadiliki mradi pembe ya kuvuta iwe ndogo. Kitabu hakikukosea. Mimi ndiye niliyekuwa nimeacha kukisoma.

Nilipoinua macho jua lilikuwa limezama nyuma ya migomba. Kwetu Waadventista, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, na mimi bado nilikuwa na stopwochi mkononi. Kesho yake kanisani nilipiga magoti nikaomba msamaha kwa dhati, kwa zile dakika za Sabato nilizozifanyia kazi. Msichana sikumtaja. Mungu nilimwendea mbio, lakini mtoto niliyemkosea darasani alikaa dawati la tatu, hatua chache kutoka mezani kwangu, na kwake sikuenda.

Jumatatu nilikusudia kumwambia. Mdomo ukawa mzito. Nikasema wiki ijayo, kisha nikasema muhula ukiisha. Mwisho wa mwaka zikaja fomu za kuchagua masomo, naye akaniletea yake nitie sahihi. Fizikia haikuwamo. Nikamuuliza kwa nini.

"Mkono yangu haiwezi vipimo, mwalimu."

Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo kooni. Wenzake walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, na aibu ya kujirudi mbele yao ikanishinda. Nikatia sahihi.

Mwaka jana nilipeleka suruali ipunguzwe kwa fundi mmoja sokoni Magwagwa, na fundi mwenyewe akawa ni msichana yule. Alifurahi kuniona. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za shule, akanisifu kwamba sizeeki. Kila neno jema lilinichoma. Nikapiga moyo konde nikamwambia kwamba siku ile ya pendulamu alikuwa sahihi, kwamba hata kitabu kimesema hivyo, na kwamba aliyekosea ni mimi.

Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. Kisha akacheka kidogo, bila kinyongo. Alidhani nimetoka kulijua juzi, labda kwenye semina. Akasema hata walimu huendelea kujifunza, na kwamba nimefanya vizuri kumwambia. Ningeweza kuiacha hapo nikaenda zangu.

"Na ulijua lini, mwalimu?"

Nikamwambia ni Ijumaa ileile, jioni yake.

Akakata uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Kwa hivyo siku nilikuletea ile fomu, ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo, nilikuwa najua.

Hakupandisha sauti. Alikunja suruali yangu, akaiweka juu ya nyingine, akasema itakuwa tayari Jumatano. Akaniomba nisije mwenyewe, nitume mtu.