Farasi Sitini na Tishari la Mawe

Mwaka juzi nilivutwa kinyumenyume mtoni mbele ya umati wa watu. Injini yangu ya nguvu za farasi sitini ilikuwa inanguruma, gia iko mbele, na usukani nimeushika mwenyewe.

Sikuwa nimelewa. Naomba hilo lieleweke mapema.

Baba alituachia, mimi na dada yangu, boti moja ya kukokota mizigo. Injini yake ilikuwa dizeli kuukuu ya farasi thelathini, na mlio wake unaweza kuuhesabu: tu, tu, tu. Bata walikuwa wanatupita. Situmii mfano, walikuwa wanatupita kweli.

Nikamkalia dada kooni.

"Dada, wenzetu wanakimbia, sisi tunatambaa. Tununue injini ya kisasa."

"Hii ya Baba ina ubaya gani?"

"Farasi thelathini, dada! Siku hizi hata watalii wana sitini."

Dada ni mshonaji. Aliuza vyerehani vyake vyote vitatu kwa sababu ya maneno yangu. Dizeli tukamuuzia Mama Grisi, fundi aliyekuwa akiitengeneza tangu tukiwa wadogo. Aliipokea, akanitazama kama mtu anayeona mkate unaungua jikoni kwa jirani.

Injini mpya ikaja kwenye boksi. Kijitabu cha maelekezo nikakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Kulikuwa pia na kipuri cha ziada, kinang'aa balaa. Mke wangu akakipenda, nikakitundika sebuleni juu ya televisheni.

Jamani, ile injini ilikuwa inaruka! Wiki nzima nilikwenda na kurudi bila mzigo wala sababu.

Kisha ikaja kazi. Wajenzi wa daraja walitaka boti ya kukokota tishari, lile sanduku bapa la chuma lisilo na injini, limejaa mawe, kupandisha mto kila siku kwa mwaka mzima. Boti mbili zikajitokeza: yetu, na ya Mama Grisi yenye dizeli ya Baba. Atakayelifikisha tishari kwenye nguzo za daraja ndiye amepata kazi.

Dada alikuja kavaa gauni lake la kwendea harusi. Tukikosa, hana kazi ya boti wala cherehani.

Nilianza mimi. Kamba ikakaza. Injini ikakoroma, ikatetemeka, ikagoma kuchanganya kasi. Nikakanyaga mafuta yote. Ikakoroma zaidi.

Pale kando kulikuwa na mama anafua. Nikampita, akanisalimia, nikaitikia. Baada ya dakika moja nikampita tena, kinyumenyume, mkondo unatuvuta mimi na tishari. Hakunisalimia. Nadhani alinionea huruma.

Tu, tu, tu. Mama Grisi huyo.

"Zima, mwanangu. Unachemsha mto bure."

Akanirushia kamba. Dizeli ya Baba ikatukokota sote, mimi, boti yangu na tishari, mpaka kwenye nguzo. Umati ulipiga makofi. Nilitamani maji yanimeze.

"Ni farasi sitini hawa, mama," nikamwambia. "Sielewi."

"Sitini hao huamka injini ikizunguka mbio. Mzigo haujaiacha izunguke, kwa hiyo wamelala. Ya baba yako inazunguka polepole, lakini kila mzunguko una msuli." Akainama kutazama nyuma ya boti yangu. "Halafu propela hii ina mapanga ya mbio. Ya mzigo hawakukupa?"

"Hawakunipa," nikasema. Nilikuwa naamini kabisa.

Jioni dada akaja nyumbani. Akakaa, akalia kweli kweli, na mimi nikalia. Mke wangu akaleta chai, hakuna aliyeigusa.

Dada akafuta macho, akainua kichwa.

"Hilo ua la chuma ni zuri. Mlinunua wapi?"

Nikaangalia ukutani. Mapanga matatu, mapana kama masikio ya tembo.

Nilipata wazo la kusema uongo. Nikalitazama lile wazo, nikaliacha.

"Lilikuja na injini, dada."

Hakupiga kelele. Alisimama juu ya kochi na viatu vyake, akaling'oa, akaondoka nalo.

Kesho yake tulilifunga kwenye injini mahali pa propela ya mbio, tukakokota tishari lile lile mpaka juu. Tulichelewa kwa siku moja. Kazi ilikuwa ya Mama Grisi, lakini mawe yalikuwa mengi kuliko uwezo wa boti yake, akamwajiri dada kuwa nahodha wa boti yetu. Leo dada ana vyerehani vinne.

Mimi nafunga kamba.

Ndugu yangu, kabla hujalia kwamba umenyimwa nguvu, zunguka kwanza nyumbani kwako uangalie ulichokitundika.

Msumari bado upo ukutani. Nilitaka kuung'oa, dada akakataza.