Papai na Mguu wa Mama

Kwetu Kibosho, nyama ya beberu mzee wa Krismasi haichemshwi hivi hivi. Mama huipaka papai bichi lililotwangwa, akaiacha kidogo, ndipo abandike sufuria. Ukijisahau, unakuta nyama imekuwa uji.

Ndiyo maana tulipokuwa wodini Moshi, mama aliuvuta mguu wake aliposikia dawa yake inatoka kwenye papai. Alikuwa amejikata kwa panga akimkatia ng'ombe migomba, na kwa sababu ana kisukari, kidonda kiligoma kupona. Nyama ya juu ikafa, ikawa nyeusi. Daktari alituambia wazi kwamba isipoondoka, mguu utakatwa chini ya goti. Kwanza wangejaribu dawa ya kupaka, protini inayotolewa kwenye utomvu wa papai bichi.

"Papai?" mama akauliza. "Mnataka kunilainisha kama beberu?"

Nesi alicheka. Mimi sikucheka, maana nimekula ule uji. Nikamuuliza, kwa ukali kabisa, hiyo dawa itajuaje pa kuishia.

"Nyama hai inajilinda, dada. Ina protini zake za kuizuia dawa. Iliyokufa ndiyo haina cha kuizuia."

Mama akaunyoosha mguu, lakini mkono wangu aliuminya mpaka ukaniuma.

Kila walipomfungua bandeji niligeuza uso. Asubuhi moja nesi akaniita nije nitazame. Weusi ulikuwa umeyeyuka wote, na chini yake palikuwa na nyama nyekundu, yenye unyevunyevu, mpya kama ya mtoto mchanga. Nina mpapai nyuma ya nyumba yangu Shirimatunda, na miaka yote nimeusonya kwa jinsi utomvu wake unavyowasha vidole. Siku hiyo niliuonea haya.

"Ruwa wangu!" mama alimwita Mungu kwa Kichagga. "Nani amelifundisha papai kujua kilichokufa na kilicho hai?"

Nesi akachukua bandeji safi, akakifunga tena kidonda.

Krismasi iliyofuata, mama alisimama jikoni kwa miguu yake miwili, bakuli la papai mbele yake. Alichota, akasita, akaitazama ile nyama ya beberu kwa muda. Kisha akaanza kuipaka polepole, kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona.

"Pole, baba," akaiambia. "Wewe huna cha kulizuia."