Mzaramo Aliyekalia Kaburi la Mzee Wetu

Mwanangu, juzi uliponionyesha picha za safari yako, nilikumbuka siku niliyokwenda na baba kulitazama kanisa la zamani la mapadri, nje kidogo ya Tabora mjini. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na tangu tumzike, baba alikuwa haongei wala hali vizuri. Shangazi ndiye aliyetusukuma. Mtoe mzee akatembee, alisema, la sivyo atatufia hapahapa Kigwa. Tukapanda treni.

Kanisani baba alitazama tu. Kuta nene, madirisha membamba, kengele iliyobebwa na wapagazi kwa miguu kutoka Pwani. Mimi nilimsomea maandishi kwa sauti, nikimsemesha kama mtoto. Nyuma ya kanisa yapo makaburi, na moja ni la babu yake baba, aliyekuwa mpagazi wa misafara hiyo kabla ya kubatizwa. Tukasimama hapo.

Akaja mzee mmoja, mtembezi kama sisi, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza aliyelala hapo ni nani wetu. Nikamweleza.

"Kumbe Wanyamwezi," akasema. "Mimi Mzaramo." Kisha, mwanangu, akakaa juu ya kaburi, akanyoosha miguu. "Huyu mvivu babu zetu walimpa mzigo kule Pwani, akaulalia njiani. Leo na mimi namlalia yeye."

Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu mzima, mahali patakatifu, amekalia kaburi la mzee wetu, na watu wanatazama. Nikageuka nikamwite mlinzi. Baba akanishika mkono.

"Tulia wewe," akaniambia. Akamgeukia yule mzee: "Lala vizuri. Nyie watu wa Pwani mnajua nini zaidi ya kulala? Mizigo tulibeba sisi."

Wakaendelea hivyo, kwa matusi ambayo siwezi kukurudia. Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu kicheko kikageuka kilio, palepale, na yule mzee akainuka akamshika mabega, bado anamtukana, ila kwa sauti ya chini. Mimi nimesimama na mkoba wangu, sijui nicheke, nilie, au nimshitaki mtu.

Kwenye treni nikamuuliza baba. Utani wa makabila yetu, wa kutukanana bila kukasirikiana, nilikuwa nausikia, lakini nilidhani ni mzaha wa sokoni tu.

"Mama yako mlimzika vizuri sana," akanijibu. "Watu wote walinipa pole. Hakuja hata mtani mmoja wa kunitukana."

Kisha akaomba karanga, akala.

Mpaka leo, na mvi hizi, sielewi sawasawa tusi lilifanyaje kazi iliyozishinda pole zetu zote. Usinibane nikueleze. Ninachokuusia ni hiki: ukitembelea mahali patakatifu ukaona jambo la kukuudhi, usikimbilie kumwita mlinzi. Mtazame kwanza mwenye msiba. Mimi nililiheshimu kaburi nikamsahau baba aliyesimama kando yake.

Mungu akutangulie katika safari zako, mwanangu. Akupe macho ya kumwona mwenzio, na siku utakapofiwa, akuletee mtu wa kukutukana.