Kompyuta Iliyoshika Laini ya Afande

Duka letu la kuchapa pale Nalufenya, Jinja, lilikuwa na kompyuta moja na laini moja ya simu, vyote vya Mama, mwenye duka. Mtu akimsema Mama vibaya mbele yangu, namjibu kabla hajamaliza. Mama alikuwa na tabia: kazi ikiisha anazima kioo, anafunika mashine na kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na sote tunajua imelala. Kumbe kilicholala ni kioo tu.

Jumamosi moja mimi na Mama hatukuwa na kazi, mashine imefunikwa. Akaja afande kijana kutoka kambi ya jeshi ya Kimaka, shati imepigwa pasi mpaka inakata. Anataka kuoa msichana wa Mbale. Wazee wa msichana walikuwa wamekaa huko Nkoma, Mbale, na baba wa msichana alisema atapiga simu kabla ya saa sita amsikie kijana mwenyewe. Asipopatikana, basi, wasisumbuane. Namba aliyopewa ni yetu.

Tukangoja. Saa tano, simu kimya. Afande anatoka jasho.

"Dada, hii simu yenu ni nzima kweli?"

"Simu ya Mama haijawahi kuharibika! Labda wakwe zako ndio wamekuacha!"

Nikainyanyua nimwonyeshe. Sikioni, makelele kama paka wawili wanapigana ndani ya debe. Nikafuata waya kwa mkono mpaka chini ya kitambaa. Nikafunua, nikawasha kioo. Mashine imepiga simu yenyewe kwenda intaneti, inavuta apdeti, yaani mambo mapya ya kujirekebisha, na hakuna mtu ameiomba!

"We, nani amekutuma?" Nikaichomoa waya ya simu kwa hasira.

Kidogo tu, kengele ikalia. Afande akaipokea amesimama wima kama kwenye gwaride. Sauti ya mzee tuliisikia wote.

"Asubuhi yote laini ina mtu! Unaongea na mwanamke gani?"

Nikashindwa kuvumilia, nikampokonya afande simu.

"Mzee, hakuna mwanamke hapa!"

"Na wewe ni nani?"

Mama akajishika kichwa.

"Mimi nachapa tu, Mzee! Kompyuta ndio ilishika laini, inatafuta mambo mapya!"

"Kompyuta inataka mapya. Na huyo kijana je?"

Afande akaninyang'anya simu. "Mimi sitaki mapya, Mzee! Nataka huyo huyo mmoja!" Alipiga kelele mpaka watu wa boda boda nje wakageuka.

Kikaja kicheko kutoka Mbale, cha wazee wote pamoja. "Njoo tukuone," mzee akasema.

Mimi nikakaa mbele ya mashine. Hakuna mtu alinifundisha. Nilifungua kila mahali, nikafunga, nikafungua tena, mpaka nikapata tiki inayoiruhusu kujiletea vitu bila kuuliza. Nikaitoa. Afande alisimama nyuma yangu kama mlinzi mpaka tiki ikatoka kabisa, ndipo akaenda kutafuta gari la Mbale.