Nyumba ya Rusangwe

Kabla ya mchezo ule, Mwalimu Ancilla alifundisha hesabu kwa fimbo ya mkaratusi. Tusimpambe: alipiga. Alipiga mikono, alipiga migongo, na siku moja alimpiga mtoto hadi kucha ya kidole gumba ikang'oka. Alikuwa Mrundi aliyekimbia kwao akiwa msichana, na aliamini hivyo ndivyo kichwa cha mtoto kinavyofunguliwa. Rubondo nzima, kambi ya wakimbizi alikofundisha, ilimwogopa.

Fimbo aliiacha siku Venuste, kijana wa kwao aliyetengeneza michezo ya masomo huko Mbarara mjini, alipomletea tabuleti kumi na mbili. Darasa liligawanywa timu mbili. Kila timu ilijipa jina na kupewa nyumba kwenye skrini. Ukikosea jibu, moto unashika paa. Ukikosea mara tano, nyumba inakuwa majivu na wapinzani wanashangiliwa. Watoto waliochukia hesabu sasa walimsubiri mlangoni kabla ya kengele. Uwera, binti wa darasa la saba ambaye kwa miaka alijibu kwa kutikisa kichwa tu, alianza kupaza sauti, na sehemu alizigawanya haraka kuliko mwalimu wake. Ancilla alitaka jambo moja: Uwera afanye mtihani wa taifa mwaka huo, afaulu, aende sekondari Mbarara.

Timu ya Uwera ilijiita Rusangwe. Ancilla aliliona jina zuri, hakuuliza ni la nini. Wakongomani wa darasa lile walijua. Mrundi angejulia wapi?

Kulikuwa na jambo jingine alilojivunia: kila Ijumaa mchezo ulituma picha ya matokeo kwenye simu za wazazi. Ijumaa ile Uwera alikuwa nyumbani na malaria, na bila yeye timu yake ikakosea mara tano. Picha ikaondoka: nyumba nyeusi, moshi, na maandishi makubwa mekundu. RUSANGWE IMETEKETEA! HONGERA SIMBA!

Natanaeli, baba yake Uwera, aliifungua akinywesha ng'ombe wake. Rusangwe ni kijiji chake cha Kivu Kusini. Huko watu wenye mapanga walifunga mlango wa nyumba yake kwa nje, wakawasha moto. Ndani mlikuwa na mama yake, mke wake na wanawe wawili. Yeye alikuwa amejificha kwenye mtama, Uwera mchanga kifuani, kiganja chake kikiziba mdomo wa mtoto, na akawasikia walio ndani wakimwita kwa jina hadi walipoacha kuita.

Aliwaacha ng'ombe pale pale. Mlango wa darasa aliupiga teke ukang'oka bawaba, fimbo ya kuchungia mkononi, na watoto wakarukia madirishani.

"Nani alikutuma uchome kwetu?"

"Papa Uwera, ni mchezo tu wa..."

Pigo la kwanza lilipasua tabuleti mezani. La pili lilimpata Ancilla juu ya kiwiko, mfupa ukalia. La tatu lilichana sikio. Alianguka kati ya madawati, damu ikimwingia jichoni, na akaiona fimbo kutoka chini, mahali walipoionea wanafunzi wake miaka yote.

"Kule balichoma, na hapa munapiga makofi? Batoto bangu baliungua, mwalimu! Uwera harudi tena fasi hii!"

Ilibidi wanaume wanne wamshike. Ezira, mwalimu mwenzake Mkongomani, alimsimulia Ancilla habari za Rusangwe njiani kwenda hospitali Mbarara, wakirushwarushwa nyuma ya pikapu. Ancilla alilia, na hakulilia mkono. Polisi walipofika kitandani na daftari lao, aliwaambia ameangukia dawati. Natanaeli akifungwa, Uwera atabaki na nani?

Siku alipotoka, plasta bado mbichi, alienda moja kwa moja kwa Venuste.

"Toa moto."

"Madame, moto ndio watoto wanaupenda. Bila moto hakuna mchezo."

Alimzaba kofi kwa mkono mzima, miwani ikaruka hadi chini ya kitanda. Hakuwa ameacha kupiga, kama mnavyoona. "Kila jibu, tofali moja," alisema. "Wajenge. Na mlango wauweke wenyewe wanapotaka." Venuste aliokota miwani, akakaa kwenye kompyuta.

Zilibaki siku tisa kabla ya mtihani alipofika nyumbani kwa Natanaeli na tabuleti kwapani. Mwenyewe alisimama mlangoni na fimbo ile ile.

"Rudia kwako. Nitavunja na mukono wa pili."

"Vunja. Ila kwanza mtoto ajibu maswali matano."

Uwera alitoka nyuma ya baba yake bila kuitwa. Akaketi chini, akaandika Rusangwe, akajibu. Ukuta ukapanda, paa la nyasi likakaa, na mlango akauweka mbele. Natanaeli aliinua fimbo juu ya skrini. Ancilla akaweka mkono wa plasta kati ya fimbo na skrini. Fimbo ikabaki hewani, maana macho ya Natanaeli yalikuwa yamekwama kwenye ile nyumba.

"Toa mukono," alisema. Ancilla akautoa. "Mulango haikukuwa fasi hiyo."

"Ilikuwa wapi, papa?" Uwera hakuwahi kumwuliza habari za kule.

Natanaeli alichuchumaa. Kwa ncha ya fimbo akagusa nyuma ya nyumba. "Huku. Upande wa mutama. Kama ingefunguka, mama yako na batoto bangenikuta."

Akalia kwa sauti, bila kujificha. Uwera aliusogeza mlango kwa kidole hadi pale baba yake alipogusa, akauacha wazi. Kesho yake asubuhi Natanaeli alimleta shuleni mwenyewe.