Sufuri za Mama na Kifo cha Kiongozi

Harufu ya viazi vitamu vinavyokauka juu ya mwamba ni tamu na chachu kwa wakati mmoja, kama uji uliolala. Katika kijiji chetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mhunze, harufu hiyo ilitanda kila kiangazi, wanawake walipomenya viazi, wakavikata vipande vyembamba na kuvianika hadi mawe yote yakawa meupe. Hiyo ndiyo michembe, chakula kilichotuvusha miezi ya njaa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nchi ilikuwa changa, pamba ilikuwa imetoka kuuzwa, na mimi nilikuwa mtoto pekee kijijini aliyejua kusoma kipimo cha mvua. Nasema hivi bila haya. Leo nina diploma ya hali ya hewa na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha sita, na hakuna mjomba aliyenisukuma wala mume aliyenilipia. Asiyependa kusikia mwanamke akijisifu aruke mistari hii, lakini ajue kwamba sifa zote hizo zilianzia kwenye chombo cha shaba nyuma ya jiko letu.

Chombo hicho kililetwa na bwana mmoja wa ofisi ya hali ya hewa, aliyekuja na Land Rover kutafuta mtu anayejua kuandika. Wanaume walijua kuandika, wakasema hawajui. Kwetu haikuwa adabu kuhesabu ng'ombe wa mtu hadharani, sembuse mvua, ambayo tangu enzi za mababu ilikuwa mali ya mtemi na waganga wake. Mtu wa kawaida akiipima, ikikosekana ataambiwa ameifunga. Mama yangu, mjane aliyesoma darasa la nne misheni ya Ushirombo, alinyoosha mkono. Kuanzia siku hiyo, kila saa tatu asubuhi alimimina maji ya chombo kwenye bomba la kioo lenye mistari, akaandika tarakimu kwenye kadi. Kiangazi hakukuwa na cha kumimina, hivyo aliandika sufuri. Sufuri leo, sufuri kesho, mwezi mzima. Mwisho wa mwezi kadi ilipelekwa kwa Fundi Salumu, kwenye baraza ambapo basi la Shinyanga lilisimama, ikasafiri hadi mjini bila stempu kwa kuwa ilikuwa ya serikali.

Fundi Salumu alikuwa mshonaji, mwenyeji wa Tabora ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilitiririka kuliko chetu sote. Alikuwa pia na redio. Jioni tulijaa barazani kwake kusikiliza taarifa ya habari, na taarifa ikiisha, yeye ndiye aliyetufafanulia. Jioni moja, siku ya mnada, redio ikatangaza kwamba kiongozi mmoja wa Afrika, ambaye picha yake ilitundikwa darasani kwetu, alikuwa ameuawa asubuhi ya siku hiyo. Sitalitaja jina lake; wa rika langu wanaweza kumdhania wamtakaye. Watu wazima walilia. Fundi alizima redio, akavua miwani. "Hii si kazi ya mtu mmoja," akasema. "Hawa ni majasusi wa wakubwa wa dunia. Na majasusi hawafanyi kazi bila watu wao vijijini." Mtu akacheka, akauliza majasusi watafute nini Usukuma, michembe? Fundi akamjibu, "Cheka tu, ndugu yangu. Chui naye hucheka, akionyesha meno."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siku chache baadaye nilipeleka kadi ya mwezi barazani kama kawaida. Fundi aliipokea, akaitazama, akaitazama tena. Ilikuwa kadi wazi, haina bahasha; kila mtu angeweza kuisoma tangu mwanzo, ila hakuna aliyewahi kujisumbua. Sasa alihesabu kwa kidole. Sufuri, sufuri, sufuri, kisha, kwenye tarehe ile ile aliyouawa kiongozi, herufi moja: T. Baada ya hapo sufuri tena hadi mwisho. Akaitia mfukoni badala ya kuipandisha basi. Kabla ya jua kutua, kijiji kizima kilikwishajua kwamba Mama Nkwimba, yaani mama yangu, alikuwa akipeleka ujumbe kwa wauaji, kwamba sufuri maana yake "bado" na T maana yake "tayari". Wengine waliongeza kwamba ndiyo maana barua zake zilisafiri bure, kwani ni nani mwingine kijijini aliyesafirishiwa barua bure? Waganga nao wakapata la kusema: ndiyo maana mvua za vuli zilichelewa.

Usiniambie kwamba huo ulikuwa ujinga wa washamba. Majasusi walikuwapo, na viongozi waliuawa kweli. Tulikuwa na sababu ya kuogopa. Kosa letu lilikuwa kumtafuta adui mkubwa kwa mtu mdogo aliye karibu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masanja, aliitisha mkutano kwenye ghala la pamba. Akasema iwapo Mama hatajieleza, atapelekwa wilayani kesho yake kwa basi, na chombo kitang'olewa. Sote tulijua mjane anayepelekwa wilayani kwa neno kama lile harudi kwenye shamba lake. Atakuta mtu mwingine amelima.

Mama alieleza kwa utulivu. T ni alama ya mvua iliyoanguka lakini haikutosha kupimika, matone machache tu. Watu wakaguna. "Mvua kiangazi?" Mzee Masanja akauliza. "Mama Nkwimba, mimi ninachunga kila siku. Matone hayo yalimwangukia nani?" Ghala zima likacheka. Fundi akainua kadi juu kama mtu anayeonyesha kitambaa sokoni. Nilimwona Mama akikaza kitenge kiunoni, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyolichukia lile ghala. Mtoto hakuruhusiwa kusema mbele ya wazee. Nikasimama.

"Shikamooni," nikasema. Wengine wakaitikia kwa mazoea kabla hawajakumbuka kunikalisha. Nikamgeukia Mama Doto, jirani yetu mnene mwenye ulimi mkali, nikamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, ile siku ya mnada kifo kilipotangazwa, alfajiri ulikuwa wapi?"

"Mwambani, niende wapi?" akasema. Kisha akashika mdomo. "Yesu wangu! Nilikimbilia michembe! Matone yaliniamsha bati likilia. Niliiokota gizani na kanga moja, nusu uchi!"

"Hata mimi!" mwanamke mwingine akapaza sauti nyuma. "Yangu ilipata madoa, nikampa nguruwe."

"Nasi tukakutana pale tukacheka, kwa kuwa ilikatika kabla hatujamaliza kuiokota!"

Wakawa saba, wanane, kila mmoja na michembe yake. Wanaume hawakujua, kwa sababu michembe si kazi yao, na alfajiri ile walikuwa wamekwishaondoka na ng'ombe kwenda mnadani. Mzee Masanja alijikuna shingo. Mama Doto akamgeukia Fundi: "Na wewe, shemeji, cherehani yako ya barazani uliifunika kwa nini alfajiri ile? Kwa ajili ya majasusi?" Kicheko cha safari hii kilikuwa chetu.

Fundi hakukubali kushindwa. Alisema hao wakubwa wana ndege zinazoweza kumwaga mvua popote wapendapo. Baadhi waliitikia kwa kichwa, na mpaka wanakufa waliamini hivyo. Lakini Mama hakupanda basi. Wiki iliyofuata chombo kiling'olewa na mtu ambaye hakujitaja. Mama akaweka kopo la mafuta ya kupikia mahali pale pale, akapima kwa rula yangu ya shule, akaandika chini ya kadi: "Chombo kimeibwa. Kazi inaendelea." Bwana wa Land Rover alileta kingine, na mwaka uliofuata ndiye aliyeniombea nafasi ya sekondari. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini nawe huchaguliwi la kufanya nalo.

Nimerudi kijijini. Nimeweka kipimo changu uani, na ninakisoma kila saa tatu asubuhi, kama Mama. Enzi zile uvumi ulihitaji redio moja na mshonaji mmoja, na ungeweza kuusimamisha kwa kuwauliza wanawake wanane waliokuwa ghalani. Sasa unafika kwa simu mia kwa dakika moja, na hakuna ghala la kusimama ndani yake. Nani alimuua yule kiongozi? Sijui, na diploma yangu haijanisaidia kujua. Juzi kijana mmoja alisimama kwenye ua wangu, simu mkononi, akakitazama kipimo kwa muda mrefu. "Bibi, shikamoo. Wanasema namba zako zinakwenda kwa watu wa nje. Ati wewe ni mtu wa nani hasa?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mimi ni wa Mama Nkwimba. Nenda kawaambie."