Sukari kwa Udongo wa Kasha

Fundi viatu wa mtaa wetu wa Kasha ndiye aliyetangulia kusema kwamba masomo sitayaweza, na sauti yake ilipita nyundo yake kwa kelele. "Alienda Bulaya kuosha masahani," aliwaambia wateja. "Atarudi na mikono safi, basi."

Nikarudi na diploma ya kilimo. Masahani niliyaosha kweli, tena mengi ya kutosha karamu ya Bukavu nzima, na ndiyo yaliyolipa masomo yangu. Diploma ilikuwa na muhuri na picha yangu nimevaa tai. Wakati huo tai ilikuwa marufuku kote Zaire, kwa hiyo diploma niliitundika sebuleni juu kabisa. Kila mgeni aliiona tai kwanza, akatazama mlangoni kama kuna mtu anakuja, kisha ndipo akausoma muhuri. Mimi mwenyewe nilikaa chini yake na abakosti yangu, koti la serikali lisilovaliwa na tai, kwa unyenyekevu mkubwa.

Kitu kimoja tu nilikosa: shamba. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na kipande mteremkoni, udongo mwekundu uliochoshwa na mihogo ya miaka mingi. Jembe likiupiga, lilikuwa linaruka. Wachoma matofali walishaanza kuuzungukia.

"Mwipwa, nakupatia saison moya, kupanda mpaka kuvuna," mjomba aliniambia. "Kama haitoe kitu, bafundi ba matofali banachimba. Matofali haiombe mvua."

"Huu udongo una njaa, mjomba. Ndani yake kuna vijidudu vidogo, macho hayavioni. Vyenyewe ndivyo vinavyoupikia mmea chakula. Tuvipe sukari, vitaamka."

"Kama macho haibione, nani alikuambia binapenda sukari?"

Nilimwonyesha diploma. Aliitazama tai, akanipa jembe.

Sasa, sukari. Katika miaka ile ilikuwa inapotea madukani wiki nzima, na ikirudi, watu walipigana viwiko. Nikaanza kukopa kwa mama za mtaa: huyu kopo, yule nusu kopo. Maman wa kasiksi, muuza pombe ya ndizi, ambaye ua wake ulipakana na shamba langu, hakuwa na sukari, lakini alinipa ndizi zilizoiva kupita kiasi na makapi matamu ya pombe yake. Niliviloweka vyote kwenye pipa la maji pamoja na udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza, niliouchota chini ya migomba. Baada ya siku chache maji yakatoa povu na harufu ya siku ya arusi. Jioni nikamwagilia polepole, mstari kwa mstari.

Kumbe kwetu, mtu akimwaga kitu kitamu chini jioni huku midomo yake inatikisika, inajulikana anachofanya. Mimi nilikuwa nahesabu mistari. Mtaa mzima ukasema nawanywesha mizimu. Katekista akaja, akasimama pembeni na rozari mkononi.

"Papa, unaita bazimu?"

"Naita kabeji."

Alinyunyiza maji ya baraka hata hivyo. Sikumzuia, udongo ulikuwa mkavu.

Nikapanda miche. Wiki za kwanza ilisimama vizuri, kisha ikageuka manjano kama maharusi wenye malaria. Fundi viatu aliacha kazi yake akapanda mteremko kuja kuona. "Mutazame!" akaita. "Chai yetu inakosa sukari, naye kabeji yake iko na ugonjwa wa sukari!"

Mjomba hakucheka. Alikuja na mchoma matofali mmoja, wakapima kipande kwa hatua.

Hapo diploma ikafanya kazi yake. Nilijua kilichotokea: vijidudu vilikuwa vimeshiba sukari, vikazaana kama mtaa wetu, na sasa vilikuwa vinaimaliza nguvu yote ya mbolea iliyokuwa udongoni kabla kabeji hazijaigusa. Sukari peke yake ni kama kualika watu wengi na kupika ugali bila mboga. Nilihitaji samadi, na ng'ombe sikuwa naye. Lakini nilikuwa na majirani.

Kila jioni wateja wa maman wa kasiksi walikuwa wanatoka nyuma ya ua wa matete kujisaidia. Nikaweka pipa pale, na juu yake mfereji wa gome la mgomba. Nikaandika kwa chaki ubaoni: RAIA MSAFI ANAKOJOA HAPA. Wanaume ambao hawakuwahi kuwasikiliza wake zao waliutii ubao ule kwa nidhamu ya jeshi. Fundi viatu aliongoza. Alikuwa na kiu kuliko wote.

Maman wa kasiksi alinichungulia nikizimua mkojo ule kwa maji mengi na kuumimina udongoni, mbali na majani. Alijishika mbavu. "Wee! Banakunywa kwangu, banalipa kwako!" Lakini siri aliitunza.

Kabeji zikarudi kijani, kisha zikajifunga, ngumu, kubwa kama vichwa vya machifu. Udongo ukawa unamomonyoka mkononi, na nyungunyungu wakatokea. Mjomba aliupiga jembe mwenyewe, jembe likazama. Alimgeukia mchoma matofali, aliyekuwa amemfuata tena: "Rudia kwako. Hapa iko shamba."

Niliuza, nikabadilishana na wachuuzi waliopandisha sukari mlimani kutoka uwanda wa Ruzizi, na Jumapili moja baada ya misa nikapita mlango kwa mlango. Kila mama alipata kopo lake, limejaa hadi kilele, na kabeji juu. Hakuna aliyesahaulika.

Mwisho nikaingia kwa maman wa kasiksi na kikapu kizima, nikampa kila mnywaji kabeji moja. Wote walishukuru isipokuwa fundi viatu.

"Mimi sikukukopesha hata punje ya sukari," alisema. "Hii ni ya nini?"

"Muzee, ulinikopesha kila jioni."

Aliitazama kabeji. Akatazama nyuma ya ua, pipa na ubao wake. Maman alishindwa kujizuia, akaangua kicheko mpaka kibuyu kikamtoka mkononi, na wengine wakaelewa mmoja baada ya mwingine. Nilingoja anirushie kabeji usoni.

Aliibana kwapani, akanyoosha mkono mwingine.

"Kama ni vile," akasema, "hapa hakuna mutu alikukopesha kunipita. Ongeza ingine."

Nikamwongezea mbili.